"Kina cha bahari" au "usawa wa bahari"?

SWALI: Nimesoma makala kuhusu mapango ya kisiwa cha Mallorca, Hispania, yanayosema kwamba hapo kale "kina cha bahari kilizidi cha leo kwa mita 16". Mbele kidogo imeandikwa kuwa bahari "ilijaa na kupwa" kwa maelfu ya miaka. Je, ndivyo inavyosemwa?

JIBU: Sivyo. Kina hupimwa kutoka uso wa maji hadi chini, na kila sehemu ya bahari ina chake. Kinachozungumzwa hapa ni uso wenyewe wa maji, nao ni usawa wa bahari, ule ule tunaoupimia vimo vya milima. Sema: "usawa wa bahari ulizidi wa leo kwa mita 16."

Kosa la pili ni zito zaidi. Kujaa na kupwa ni mwendo wa maji wa kila siku, unaotokana na mvuto wa mwezi na jua. Ndiyo lugha ya bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo). Barafu ya nchi kavu ikiyeyuka au kuongezeka kwa maelfu ya miaka, usawa hupanda au hushuka. Ukichanganya hayo mawili, msomaji hawezi kuuelewa ushahidi wa mapango hayo.

Maji ya vidimbwi vya mapangoni humo yameungana na bahari kupitia nyufa za mwamba, kwa hiyo hujaa na kupwa pamoja nayo. Hewa ya ukaa inapotoka kwenye uso wa maji, madini ya chokaa huganda kuzunguka stalaktiti (miiba ya chokaa inayoning'inia kutoka dari la pango) zilizogusa maji, yakafanya uvimbe mnene katikati na mwembamba juu na chini. Kimo cha uvimbe, kutoka ncha yake ya chini hadi ya juu, huonyesha maji yalikuwa yakijaa na kupwa kiasi gani. Mahali ulipo mnene zaidi, yaani katikati, huonyesha usawa wa bahari ulikuwa wapi. Umri hupatikana kwa kupima ni kiasi gani cha madini ya urani kimegeuka kuwa madini ya risasi. Utafiti wa pango la Artà uliotolewa mwaka 2019 ulipata hizo mita 16, za miaka milioni 3.3 hivi iliyopita. Uvimbe wenyewe leo uko zaidi ya mita 20 juu ya bahari, kwa kuwa ardhi nayo imeinuka, na watafiti walilazimika kuliondoa ongezeko hilo katika hesabu.

"Kiwango cha maji ya bahari" si kosa, ila mimi napendelea "usawa": ni neno fupi, na limekwisha kuzoeleka katika jiografia.