Bwana Shamba Anajibu: Mizizi Haihamishwi

Mvua za Machi zimeanza hapa Uganda, na maswali ya karoti, bitiruti, tanipu na rutabaga (hizi mbili ni mizizi ya ukoo wa kabichi) nayo yamemiminika. Mengi ni swali lile lile kwa sura tofauti, basi naanza nalo.

Habari bwana shamba. Nilisia karoti na rutabaga kitaluni, nikahamisha zilipofika kimo cha kidole. Karoti zimetoka na miguu miwili mitatu, rutabaga zimepinda na kujaa vimizi. Je, niliuziwa mbegu mbovu? – Afande mstaafu, Bombo

Mbegu haina kosa, afande. Kosa ni kitalu. Kila msimu nasema, na kila msimu naulizwa tena.

Karoti hushusha mzizi mkuu mapema, miche ikiwa bado midogo, na mzizi huo ndio karoti yenyewe. Ukiung'oa, ncha hukatika, na ikikatika mzizi hugawanyika. Hiyo ndiyo miguu yako. Rutabaga ikihamishwa ikiwa changa sana inaweza kushika, lakini mzizi wake mara nyingi hukosa umbo. Kitalu ni cha nyanya, kabichi na vitunguu. Mizizi isie pale pale itakapokulia: karoti chini ya sentimita moja, rutabaga na tanipu kama sentimita mbili. Funika tuta kwa nyasi nyepesi na usiache udongo wa juu ukauke. Karoti huchukua hata wiki mbili kuchomoza, kwa hiyo usiwahi kufukua ili kuchungulia. Nyasi zitoe mara tu karoti zinapoanza kuchomoza.

Halafu punguza! Hapa ndipo watu wanapoingiwa na huruma. Mtu anasia kama anayemwagia kuku mtama, miche inabanana, naye anaionea imani kuing'oa. Baada ya miezi mitatu anavuna mikia ya panya na kumlaumu mwenye duka. Karoti ziachie sentimita tano, bitiruti kumi, tanipu kumi na tano, rutabaga ishirini au zaidi, na mistari ya rutabaga itengane sentimita arobaini.

Bitiruti ina ujanja wake. Weka mbegu yake kiganjani uitazame: ile kokwa yenye mikunjo ni tunda kavu, na ndani mna mbegu mbili, tatu, hata nne. Ndiyo maana ukifukia moja, miche inachomoza imekumbatiana. Bakiza mmoja wenye nguvu, mingine ikate kwa kucha usawa wa udongo. Ukiivuta utamtikisa na aliyebaki. Hivyo vijani ulivyokata vikaange na dodo, yaani mchicha.

Je, rutabaga itakubali hapa Entebbe? – Mama Sauda

Itaota, mama, lakini usitegemee mzizi mzuri. Rutabaga inapenda baridi ya nyuzi 15 hadi 18, nayo hukaa shambani miezi mitatu hadi minne. Kwenye joto inakuwa ngumu kama kuni na chungu. Waachie watu wa Kabale na Kapchorwa, huko milimani kwenye baridi. Wewe panda tanipu mwanzo wa mvua, uivune baada ya wiki sita hadi nane ikiwa sawa na ngumi ya mtoto, na majani yake uyapike kama sukuma wiki.

Tanipu zangu zinanyauka mchana hata baada ya mvua. Nimeng'oa moja, mizizi imevimba mafundo mafundo. Dawa gani nipulize? – Kabale

Hakuna. Usipulize kitu, utapoteza pesa tu.

Huo ni ugonjwa wa mafundo unaoshambulia ukoo mzima wa kabichi: kabichi, sukuma wiki, figili, tanipu, rutabaga. Vimelea vyake hukaa ardhini miaka mingi, hata kufikia ishirini, na hustawi kwenye udongo wenye asidi na maji yaliyotuama. Ng'oa mimea yote iliyougua uichome. Ukiitupa kwenye mboji utakuwa umeupanda upya. Fungua mifereji. Tia chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla ya msimu, kisha kipande hicho kipe maharage, viazi au mahindi kwa miaka mingi. Osha jembe na buti kabla ya kuingia shamba jingine. Tena kuweni macho na miche ya kabichi ya kununua, kwani ugonjwa huu hupenda kusafiri na udongo ulioshika mizizi.

Rutabaga zangu kwa nje ni safi, ndani zina rangi ya kahawia kama zimelowa maji. Mdudu sijamwona. – Kapchorwa

Hukumwona kwa sababu hayupo. Dalili hizo ni za upungufu wa boroni, madini ambayo mmea huyahitaji kidogo tu. Je, ulimwaga chokaa nyingi au jivu jingi? Vikizidi, mmea unashindwa kuichukua boroni iliyomo. Ndugu yangu wa Kabale, na wewe sikia hapo. Pima udongo kwanza. Maabara ya utafiti wa kilimo ya Kawanda inapima. Usikurupuke kununua boraksi, ile chumvi yenye boroni, na kuimwaga kwa kopo, maana boroni ikizidi kidogo tu inaua mimea.

Majani yananifika gotini, chini hakuna kitu. – Jinja

Mbolea ya urea imezidi, kuna kivuli cha migomba, au hukupunguza miche. Soma jibu la afande. Na samadi mbichi usiipeleke kwenye mizizi. Tumia iliyooza vizuri, tena uliyoitia msimu uliopita.

Nimeambiwa njano ya rutabaga ina vitamini A kama karoti. – Mwalimu, Mbale

Umedanganywa, mwalimu. Rutabaga ina vitamini C ya kutosha, lakini vitamini A karibu haina. Ukitaka vitamini A kwa watoto wako, panda viazi vitamu vya rangi ya chungwa kama NASPOT 10 O, ile Kabode. Mganda mwenzetu, Robert Mwanga, alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, yeye kwa kazi ya viazi hivyo. Sisi bado tunahangaika na mboga ya Ulaya na kuviita viazi chakula cha maskini!

Nawezaje kujivunia mbegu za karoti mwenyewe hapa Kampala? – Kawempe

Acha. Karoti huweka mzizi mwaka wa kwanza na maua wa pili, na katikati inataka wiki kadhaa za baridi ambayo Kampala haina. Nunua pakiti iliyofungwa, yenye tarehe, si ya kupimiwa kwa kijiko.

Fuko amemaliza bitiruti. Niweke sumu ya panya shimoni? – Mukono

Hapana! Kuku, mbwa na watoto wanafukua hapo hapo. Fungua shimo asubuhi. Akija kuliziba, ujue ndimo anamopita. Tega mtego humo.