Kuanza mazoezi ukiwa na kilo 97: yaliyonikuta mimi

Dada uliyeuliza, umesema una miaka 36 na kilo 92, hujafanya mazoezi tangu ulipomaliza kidato cha sita, kazi yako ni ya kukaa kutwa, na unataka kujua uanze na siku ngapi kwa wiki, ushike mashine zipi, na kama chai ya kupunguza tumbo inafaa kunywewa sambamba na mazoezi. Umeongeza kwamba unaona aibu kutazamwa. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu miaka mitatu iliyopita nilikuwa na maswali hayohayo, nikiwa na miaka 41 na kilo 97 kwa kimo cha sentimita 162, na kwa sababu nilianza mara mbili: mara ya kwanza niliacha baada ya siku tisa, mara ya pili ninaendelea hadi leo. Usidhani kwamba mara ya pili nilikuwa na nia kubwa zaidi. Mara ya kwanza ndiyo niliyokuwa na moto, na moto huohuo ndio ulioniponza.

Mimi ni mhasibu katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Naingia saa mbili asubuhi, nakaa hadi saa kumi na moja jioni, kisha nakaa tena kwenye foleni ya kurudi Tabata. Niliishi hivyo kwa miaka 14. Kilichonishtua hakikuwa kioo, maana kioo nilishazoea kukikwepa, bali vipimo: presha 148 kwa 94, na sukari 6.4 asubuhi kabla sijaonja kitu. Daktari alinieleza kwamba kisukari huhesabiwa kuanzia 7 katika kipimo hicho, kwa hiyo sikuwa nimeingia ndani, lakini nilikuwa nimesimama kizingitini. Nawe pima kabla ya kuanza. Ukiwa na presha ya juu, maumivu ya kifua au historia ya moyo katika ukoo, mweleze daktari mpango wako kwanza, kwa kuwa mwalimu wa jimu hawezi kuyaona hayo kwa macho.

Sasa nieleze kosa langu. Jumatatu ya kwanza ya Januari nililipa miezi mitatu kwa mpigo katika ukumbi mzuri ulio karibu na kazini. Mwalimu, kijana wa rika la mpwa wangu, aliniita mama kwa heshima zote, kisha akanipa mazoezi ya mtu wa miaka 20: kuruka kamba, kuchuchumaa na kusimama mara 100, na kukimbia kwenye mashine kwa dakika 20. Niliyamaliza yote kwa kiburi tu. Siku iliyofuata niliumwa kidogo, nikajipongeza. Siku ya pili yake sikuweza kukaa chooni bila kushika ukuta, na ngazi za ofisini nilizishuka kinyumenyume huku wenzangu wakicheka. Sikujua kwamba maumivu ya misuli isiyozoea kazi hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, halafu hupungua yenyewe. Nilirudi mara mbili nikiwa bado na maumivu, goti la kulia likaanza kulalamika, na siku ya tisa nikatafuta sababu ya kutokwenda. Sababu haikosekani jijini humu. Fedha ya miezi mitatu ilikwenda na maji.

Hapa nitoe tahadhari moja. Maumivu ya kawaida ya misuli hayana hatari, lakini mtu aliyekaa miaka mingi akijikamua kupita kiasi siku ya kwanza, misuli inaweza kuharibika kiasi cha kuziumiza figo. Ukiona mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi, au misuli imevimba na kukosa nguvu kabisa, hilo si la kuvumilia nyumbani. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mara ya pili nilianza miezi saba baadaye, nikiwa mnyenyekevu. Nilichagua jimu ya mtaani iliyo dakika nane kwa miguu kutoka nyumbani, yenye mashine chache, rangi iliyobanduka na feni moja inayofanya kazi, nikalipa mwezi mmoja tu. Umbali huo ulinisaidia kuliko ushauri wote niliowahi kusoma, kwa sababu asubuhi yenye uvivu mtu anaweza kujilazimisha kutembea dakika nane, lakini hawezi kujilazimisha kupanda daladala mbili. Nilikwenda saa kumi na mbili asubuhi, wakati ambapo vijana wa vifua hawajaamka. Ilikuwa Jumatatu na Alhamisi pekee, dakika 35 kila mara. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni siku mbili. Najua Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili, na nilifika huko, ila ilinichukua karibu miezi mitano. Kiwango hicho ni cha kukifikia polepole, wala hakuna aliyesema kianzwe nacho wiki ya kwanza.

Kuhusu mashine, nilianza na kutembea kwenye mashine kwa dakika 10, kasi ya kilomita 4.5 kwa saa, pasipo mwinuko. Kipimo changu kilikuwa mdomo: nikiweza kusema sentensi nzima lakini siwezi kuimba, kasi inafaa. Kukimbia nilikuacha kabisa, kwa kuwa kwa uzito ule kila hatua ya mbio ilikuwa ikilipiga nyundo goti langu. Baadaye nilipotaka ugumu zaidi, niliongeza mwinuko badala ya kasi, na moyo ulifanya kazi ileile bila goti kuteseka.

Baada ya hapo nilihamia kwenye vyuma, na hapa ndipo akina mama wengi tunapokwepa, tukiogopa kuota misuli ya kiume. Ondoa hofu hiyo. Misuli ile haiji kwa bahati mbaya. Wanaoitafuta huhangaika kwa miaka. Kinachokuja ni uwezo wa kuinuka chini bila kujisukuma kwa mkono. Nilikuwa nikikaa kwenye benchi na kusimama nikiwa nimeshika dambeli ya kilo nne kifuani, mara nane, kisha napumzika na kurudia. Nilifuatisha kuvuta waya wa mashine kutoka juu hadi kifuani, halafu pushapu za ukutani, kwa kuwa za sakafuni zilikuwa ndoto. Zoezi nililolipenda ni kushika dambeli mbili nzito na kutembea nazo ukumbini kama mtu anayetoka bombani na ndoo mbili. Utotoni tulilifanya bure kila siku na hatukujua kwamba ni mazoezi. Kila seti, yaani kila mzunguko wa zoezi kabla ya kupumzika, niliishia pale nilipohisi kwamba ningeweza kuongeza mara tatu au nne zaidi. Nilipofikisha mara 12 bila kuyumba, niliongeza kilo moja au mbili. Vyote viliandikwa kwenye daftari, kwa sababu mhasibu haamini kisichoandikwa, na ni daftari hilo lililonizuia kukata tamaa nyakati ambazo mizani ilinigomea.

Mizani ilinigomea kweli. Baada ya wiki sita za kutokosa hata siku moja, nilikuwa nimepungua kilo 1.2. Nililia ndani ya gari. Kisha nikakaa na kikokotoo, jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwanzo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takribani kilokalori 7,700. Kutembea kwa dakika 40 kwa mwili kama wangu hutumia karibu 250, nayo chapati moja ya mafuta, ile tunayoila ya pili pasipo kufikiri, inakaribia kiasi hichohicho. Nikahesabu na chai: vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni vijiko 12, yaani karibu gramu 48 na kilokalori 190 kila siku. Mafuta ya kupikia ndiyo yaliyonimaliza, kwani kijiko kikubwa kimoja kina takribani 120, nami nilikuwa nikimimina kwa kukadiria kwa jicho, na jicho langu ni karimu. Pale ndipo nilipoelewa kwamba jimu peke yake haitanipunguza. Uzito ungepungua jikoni. Kazi ya jimu ilikuwa kunilindia misuli wakati napungua, kunishushia presha na kunilaza usingizi mzito, na mtu aliyelala vizuri haamki akitafuta vitumbua.

Sikujinyima chakula cha kwetu, na nakusihi usinunue vyakula vya ajabu vya bei kubwa. Nilianza kupima mafuta kwa kijiko. Sukari niliipunguza kutoka vijiko vitatu hadi viwili, kisha kimoja, kwa muda wa miezi miwili, na leo chai ya vijiko vitatu siwezi kuimeza. Sahani niliigawa: nusu mchicha, matembele au kabichi, robo samaki, maharage, dagaa au mayai, robo ugali au wali. Soda nikaibakiza kwa harusi. Siku za kwanza robo ile ya wali ilionekana kama ya mtoto, lakini maharage na samaki hushibisha kwa muda mrefu, na njaa ya saa kumi jioni ilipungua ndani ya wiki mbili. Mwezi wa Ramadhani nilisogeza mazoezi hadi baada ya futari, nikayapunguza yawe mepesi, na bado niliongezeka kilo moja na nusu, kwa sababu tambi za sukari, kalimati na viazi vya nazi havina ubaguzi. Sikujilaumu. Baada ya Idi nilirudi kwenye daftari.

Ile chai ya tumbo niliinywa katikati ya majaribio yangu mawili, kwa hiyo nazungumza kwa uzoefu. Nyingi ya chai hizo zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Nilipungua kilo mbili kwa wiki moja, yote yakiwa maji na vilivyokuwamo tumboni, na zikarudi zote nilipoacha. Ukiinywa huku ukitoka jasho la mazoezi katika joto la Dar es Salaam, unapoteza maji na chumvi kwa njia mbili, na kizunguzungu kitakukuta ukiwa juu ya mashine. Mkanda wa kubana tumbo na kujifunga nailoni ni hadithi ileile ya jasho. Mazoezi ya tumbo nayo huimarisha misuli iliyo chini ya mafuta, lakini hayachagui mafuta ya kutoka; mwili hupunguza unapotaka wenyewe, na kwangu ulianza na uso na shingo, tumbo likawa la mwisho.

Aibu yako naielewa. Wiki ya kwanza nilidhani ukumbi mzima unanitazama, hadi nilipobaini kwamba kila mtu alikuwa akijitazama mwenyewe kwenye kioo. Vaa suruali pana, fulana ndefu na kilemba kisichoteleza, tafuta sidiria ya mazoezi inayokaza, na raba hata za mtumba alimradi soli haijaliwa upande mmoja. Dera liache nyumbani. Lilinasa kwenye mkanda wa mashine, nikanusurika.

Jambo ambalo hukuuliza, na ambalo lilinisumbua kuliko macho ya jimu, ni midomo ya nje. Nilipofika kilo 86 watu walianza kuniuliza kwa sauti ya chini kama naumwa. Shangazi alisema nimechakaa. Mama mkwe alimpigia mume wangu simu usiku kumuuliza kama ananilisha, na kama kuna jambo ambalo familia inafichwa. Kwetu mke aliyenenepa ni ushahidi kwamba ametunzwa, hivyo kupungua kwangu kulikuwa kama tuhuma dhidi ya mume wangu. Mwanzoni nilijieleza kwa kila mtu, nikachoka. Baadaye nilimpeleka mama mkwe kupima presha pamoja nami, akaona yangu 128 kwa 82 na yake 160 kwa 98, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayeniulizia kama nimekwenda kufanya mazoezi. Zungumza na watu wa nyumbani mapema, hasa yeyote anayekupakulia chakula, maana kukataa sahani ya pili kwa mtu asiyejua sababu huonekana dharau.

Baada ya miezi 14 nilikuwa na kilo 79, na kiuno kilikuwa kimeshuka kutoka sentimita 112 hadi 94. Katikati nilikwama kwenye 84 kwa miezi minne mizima, na niliivuka kwa kuongeza siku ya tatu jimu na kutembea Coco Beach Jumapili asubuhi na binti yangu, ambaye hunitangulia na kunisubiri kwa kujisifu. Kwa hesabu ya uzito na kimo, 79 bado inanihesabu mnene kupita kiasi kwa nukta chache, nami sina haraka.

Kwako wewe, lipia mwezi mmoja, mahali palipo karibu na kitanda chako. Siku ya kwanza mwambie mwalimu wazi kwamba umekaa miaka 18 bila mazoezi na goti lako hulifahamu bado. Tembea dakika 10, kaa na kusimama kwenye benchi mara nane, sukuma ukuta mara nane, rudia mara moja, kisha uondoke, hata kama unajisikia una nguvu za kuendelea na hata kama mwalimu atacheka. Siku ya pili yake ukiweza kushuka ngazi ukitazama mbele, njoo uniambie.