Barua kwa mwanangu: lile kapu la kupikia maharage

Mwanangu mpenzi,

Mesej yako ya juzi niliisoma nimeshapanda kitandani, usingizi ukakata hapo hapo. Unasema mtungi wa kilo 6 haumalizi wiki tatu, ukipika maharage mara mbili tu gesi ishaenda, sasa unafikiria kununua jiko la mkaa uwe unapikia humo humo chumbani mvua ikinyesha, alafu mwisho kabisa ndo ukaniuliza, mama lile kapu letu la maharage ulikuwa unalitengenezaje?

Naanza na mkaa maana ndio ulioninyima usingizi. Usiuwashe chumbani mama yangu, hata dirisha likiwa wazi. Mkaa hata ukishaiva ukawa mwekundu na moshi umeisha bado unatoa sumu inaitwa kaboni monoksidi, haionekani wala hainuki, mtu anasikia kichwa kizito anajilaza kidogo na haamki tena. Kama ni lazima basi upikie nje barazani, na jiko lisiingie ndani mpaka limezimika kabisa limepoa. Hilo naomba unijibu kwamba umelielewa.

Sasa kapu, yani lile la kuingizia sufuria ikishachemka ili chakula kimalizie kuiva bila moto. Kwanza ulielewe, maana ukilielewa hutakosea. Chupa ya chai haina moto ndani yake lakini chai ya asubuhi unainywa mchana bado ya moto, si ndio? Na wale wauza barafu wa zamani walikuwa wanaifunika na maranda ya mbao isiyeyuke, kitu ni kile kile, kinachozuia joto lisitoke ndicho hicho hicho kinachozuia joto lisiingie. Maharage hayahitaji moto mkali masaa mawili, yanahitaji kuchemka vizuri mwanzoni alafu yakae kwenye joto kali muda mrefu. Ule moto mwingine wote unaouwasha baada ya hapo unapasha hewa ya chumba chako tu. Mimi nilifundishwa hili shule kwenye sayansikimu, mwalimu alituambia hata Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili walipokuwa na shida ya mafuta na makaa walikuwa wanapikia kwenye sanduku lililojazwa majani makavu. Wenzetu Kenya wanaliita jiko kapu.

Tafuta kapu la ukindu, la duara, kubwa kiasi kwamba ukiweka sufuria katikati kunabaki nafasi ya kiganja kizima kila upande, yani kama sentimita 10, na chini vile vile. Hizi sufuria zetu zisizo na mikono ndizo nzuri kwa kazi hii, zinakaa zimebanwa vizuri bila kuacha upenyo. Kapu likikosekana hata boksi gumu au ndoo kubwa ya plastiki iliyopasuka mdomo inafaa, usitupe hela.

Cha kujazia, kwangu mimi hakuna kama sufi, ile pamba ya mti wa msufi. Ni nyepesi, haishiki maji haraka, na joto haipitishi. Pumba za mpunga nazo zinafaa sana na huku kwetu Morogoro mashine za kukoboa zimejaa, unabeba bure, ila ni nzito na usipozianika zinaleta panya, na wewe umepanga nyumba ya watu. Vipande vya nguo kutoka kwa fundi cherehani ni sawa ukivishindilia vingi. Sponji za magodoro usiziache ziguse sufuria ya moto, zinaweza kuharibika na kunuka, lazima kuwe na kitambaa kizito cha pamba katikati.

Hapa ndipo pa kuwa makini. Kapu langu la kwanza nilishona kanga mbili kuukuu kama foronya refu, nikajaza sufi, nikazungushia ndani ya kapu, nikafurahi. Baada ya wiki kama mbili sufi yote ikateremka chini, huku juu karibu na mfuniko kukabaki kanga tupu, na mimi sikuangalia. Siku hiyo nimeweka maharage mekundu nusu sufuria tu, nayachemsha juu juu kwa haraka maana tunawahi shamba, tumerudi nakuta ni ya vuguvugu na magumu kidogo katikati, nikasema si haba, nikayaunga tukala. Mdogo wako alitapika usiku mzima, akiwa na miaka minne. Sijasahau mpaka leo. Maharage mekundu yasipochemka sawasawa yana sumu yake, na ule uvuguvugu ni mbaya kuliko ubichi wenyewe, maana moto mdogo hauiui hiyo sumu.

Kwa hiyo ukishona gawanya vyumba vyumba, piga mishono ya kushuka kila baada ya upana wa kiganja kama vile mafundi magodoro wanavyofanya, jaza chumba kimoja kimoja. Sufi haitahama. Alafu shona mto wa duara wa kukaa chini na mto mwingine mnono wa kufunika juu, wa juu uwe mkubwa kuliko mdomo wa kapu ili ukiukandamiza ukae kama kizibo. Joto linapanda juu, mto wa juu ukiwa mwembamba umefanya kazi bure.

Kupika sasa. Maharage unachambua, unaloweka usiku kucha, asubuhi maji ya kulowekea unamwaga. Weka maji mapya, sufuria ijae robo tatu au zaidi (ikiwa na kidogo inapoa haraka, chukua sufuria ndogo badala yake), chemsha kwa dakika 20 mpaka 25 yakitokota kweli kweli sio kutoa vipovu pembeni. Nyanya na ndimu usiweke bado, zinayafanya yagome kuiva. Funika na mfuniko unaobana, na dakika tano za mwisho zipige mfuniko ukiwa juu ili nao upate moto, toa, ingiza kwenye kapu hapo hapo bila kusimama kupiga stori, bandika mto, ondoka. Kama umepikia kwenye mkaa huko nje futa kitako cha sufuria kwanza, masizi yatakuharibia kanga na kipande cha mkaa kikinasa pale kinaweza kuunguza kapu lote.

Masaa manne. Usifungue kuchungulia, nakujua wewe. Ukiinua mto mara moja ule mvuke wote umetoka na hauna moto wa kuurudisha. Ukifungua kwa wakati wake utaona upande wa ndani wa mto una unyevu wa moto na mfuniko hushikiki kwa mkono mtupu, hiyo ndio dalili kwamba kapu limefanya kazi. Ukiweza kuushika mfuniko bila kitambaa, kuna mahali panavuja, tafuta. Kwa vyovyote vile rudisha jikoni yachemke tena kabisa ndio uunge na nazi yako na vitunguu. Nyama na supu hivyo hivyo, usile moja kwa moja toka kwenye kapu, na usiache humo mpaka kesho yake eti bado ni vuguvugu.

Wali ni rahisi, kikombe cha mchele weka maji kikombe kimoja na nusu tu maana mvuke hautoki, ukishachemka dakika tano unaingia kapuni, baada ya saa moja unakula, na hauna ukoko. Makande yachemke nusu saa alafu yakae masaa matano. Ugali hauwezekani humu, lazima usongwe. Mboga za majani wala usijisumbue, zinaiva upesi na kapuni zinageuka rangi.

Mito uifungue uianike juani kila wiki, Dar kuna unyevu, sufi ikipata ukungu haifai tena kwa chakula.

Sufi ya kutosha ninayo hapa, nimeshaianika jana na leo, na kanga zangu mbili zile za njano nimezikata tayari. Kapu utatafuta mwenyewe huko. Nataka nishone nikutumie kwa basi Jumamosi, mzigo utashuka Mbezi. Ila nahitaji vipimo, chukua ile sufuria niliyokupa ulipohama, pima upana wa mdomo na kimo chake ukiwa umeifunika, unitumie kesho kabla ya saa kumi nikiwa bado na mwanga wa kushonea.

Mama yako