Maswali yenu kuhusu Fu Mingxia, malkia wa kuruka majini

Juma lililopita nilimtaja Fu Mingxia wa China kuwa ndiye mrukaji ninayemhusudu kuliko wote. Mmeuliza mengi. Nayajibu machache.

*Ni kweli alikuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 12? (Msomaji, Tanga)*

Kweli kabisa. Alizaliwa Wuhan, Agosti 1978, na Januari 1991 huko Perth, Australia, akatwaa ubingwa wa jukwaa la mita 10. Hebu fikiria paa la nyumba ya ghorofa. Kutoka kimo hicho mrukaji anayapiga maji kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa, na aliyekuwa akifanya hivyo alikuwa mtoto wa shule ya msingi! Baada ya hapo shirikisho la kimataifa, FINA, likaweka sharti: mshindani awe anatimiza angalau miaka 14 ndani ya mwaka wa mashindano. Naliunga mkono kwa moyo wote. Mwili wa mtoto haujakomaa kwa kishindo kile, siku baada ya siku.

*Mbona basi kwenye Olimpiki ya Barcelona alishiriki na miaka 13? (Msomaji, Mombasa)*

Sharti linahesabu mwaka, si siku. Michezo ilianza Julai 1992, naye angetimiza 14 tarehe 16 Agosti. Akashinda dhahabu ya jukwaa, akimwacha Elena Miroshina, aliyeshika nafasi ya pili, kwa karibu pointi 50.

*Alianza kama mwogeleaji?*

La. Alianzia jimnastiki, na alipohamia kuruka majini hata kuogelea alikuwa hajui. Angali mdogo akapelekwa Beijing kwa kocha Yu Fen, mbali na wazazi wake. Nikizitazama medali zake, sehemu hii hainitoki akilini.

*Jukwaa na ubao vina tofauti gani? Si kuruka tu? (Msomaji, Dodoma)*

Tofauti ni kubwa, ndugu yangu. Jukwaa halinesi, kwa hiyo nguvu yote inatoka miguuni mwako. Ubao wa mita 3 unanesa, na ni lazima uusikilize: ukiuwahi unakunyima kimo, ukiuchelewa unakuvurugia mruko mzima. Ndiyo maana wengi huchagua kimoja. Atlanta 1996 Fu alishinda dhahabu kwenye vyote viwili, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya kwenye Olimpiki tangu Ingrid Krämer wa Ujerumani, Roma 1960.

*Alishapata kila kitu. Kwa nini alirudi kuruka kwenye Olimpiki ya Sydney? (Msomaji, Bujumbura)*

Swali hili ndilo nililokuwa nikilingoja. Baada ya Atlanta alistaafu, akaingia Chuo Kikuu cha Tsinghua. Akakaa na vitabu, akaishi kama vijana wenzake, kisha akarudi. Utotoni watu wazima ndio waliompeleka bwawani. Safari hii alikwenda kwa miguu yake. Mwaka 2000, akiwa na miaka 22, akashinda dhahabu ya ubao wa mita 3, na fedha ya kuruka wawili wawili pamoja na Guo Jingjing. Kwangu mimi dhahabu hiyo ya nne inazishinda tatu za mwanzo.

*Yuko wapi sasa, na nani alimrithi?*

Mwaka 2002 aliolewa na Antony Leung, wakati huo Katibu wa Fedha wa Hong Kong, na wana watoto watatu. Mrithi wake alikuwa Guo Jingjing huyohuyo, wa pili nyuma yake kwenye ubao pale Sydney. Alikuja kushinda ubao huo Athens 2004, na tena nyumbani kwao, Beijing 2008.