Nimetundika Daluga, Nishike Filimbi au Faili?

SWALI: Shkamoo anko. Niko Mtwara, Chuno, nina miaka 34. Nimecheza beki wa kati miaka 12, mingi ligi ya mkoa na daraja la kwanza, goti likagoma nikatundika daluga. Sasa kuna timu ya mtaani wanataka niwafundishe vijana wao, ila washkaji wanasema achana na ukocha, ingia umeneja wa timu ndo unajuana na wakubwa. Halafu eti lazima nikasome kozi, mpira nimecheza mwenyewe nikasomee nini tena?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole na goti. Naanzia hapo mwisho maana ndo penye ugonjwa.

Na mimi nilidhani hivyohivyo. Siku ya kwanza nafundisha vijana Lindi, uwanja mchanga mtupu, nikasimama pembeni napiga kelele "weka pasi! weka pasi!" kama nusu saa hivi, mpaka katoto kamoja kakasimama na mpira mguuni kakaniuliza, "Kocha, niweke wapi?" Nikakosa jibu. Nikauchukua mpira nikapiga mwenyewe, pasi ndefu nzuri kweli, watoto wakapiga makofi, tukarudi nyumbani hakuna alichojifunza mtu. Wewe pasi unaiona kwa sababu miguu yako imeshazoea, lakini kumwambia mtoto asogee wapi, ageuze mwili vipi kabla mpira haujamfikia, hiyo ni kazi nyingine kabisa na ndo unayoenda kusomea.

Leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka Afrika, zinaanzia D, kisha C, B, A, halafu Pro. Pita ofisi ya chama cha soka cha mkoa uulize kozi ya D lini, usisubiri utangaziwe. Na usiseme mimi wa mtaani leseni ya nini, timu ya Namungo ni ya hapo Ruangwa tu na msimu wa 2020/21 ilifika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na huko CAF wanataka kocha mkuu awe na leseni A. Timu inaweza kupanda wewe ukabaki unaangalia kwenye tivii.

Majina makubwa nayo yasikudanganye. Pirlo, yule kiungo wa zamani wa Italia, alipewa kuifundisha Juventus 2020 hajawahi kufundisha timu yoyote, msimu mmoja tu wakamtoa, japo Coppa Italia alibeba. Zidane alikaa kwanza Real Madrid msaidizi wa kocha Ancelotti, akashika timu B yao, ndo akapewa timu kubwa Januari 2016 akachukua Ligi ya Mabingwa mara tatu mfululizo. Na huyo ni Zidane, mimi na wewe je?

Umeneja sasa. Hao washkaji wako wanamuona meneja akiwa amevaa suti benchi, hawamuoni usiku wa manane anatafuta leseni ya mchezaji iliyopotea na basi linaondoka alfajiri, au anagombana na gesti ambayo imewapa vyumba watu wengine. Ni kazi ya makaratasi na hela za watu, risiti zisipokaa sawa unaitwa mwizi hata kama hujala senti. Kama wewe ni yule mchezaji aliyekuwa anakumbuka nani anadai posho ya mechi ipi, basi unayo damu yake. Kama ulikuwa unasahau hadi soksi, aah, kaa mbali.

Na milango haifungwi. Charles Boniface Mkwasa alicheza Yanga na Taifa Stars, akazifundisha zote mbili, na 2017 akawa katibu mkuu wa Yanga. Kwa hiyo usichague kama mtu anayeoa, chukua hao vijana msimu mmoja, ila daftari la jezi, nauli na maji shika mwenyewe, utajijua unapenda kipi.

Kingine, mechi ijayo ukienda uwanja wa Nangwanda Sijaona usikae kivulini na kina fulani mnapiga stori. Simama nyuma ya goli, dakika 20 usiangalie mpira kabisa, mwangalie beki wa kati mmoja tu, anasimama wapi timu yake ikiwa na mpira na anasogea lini ukipotea. Andika kwenye karatasi, kisha nitumie nione umeona nini.