Fundi Anajibu: Anza na Kinoo, Nyundo Itafuata

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina miaka 22, najua kuchomelea, na visu vya Kijapani vimeniteka. Nataka kwenda Japani kujifunza kuvifua. Rafiki yangu anasema lazima nipate kwanza leseni, na kwamba mafunzo yake ni miaka 5. Ni kweli? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako amechanganya fani mbili. Leseni ni ya wafua panga za kijadi. Hao hukaa chini ya bwana mwenye leseni, kwa kawaida miaka 5, kisha hupimwa na idara ya serikali inayosimamia utamaduni. Mfua visu vya jikoni hadaiwi leseni hiyo.

Jua pia kwamba kule Sakai, jirani na Osaka, kisu kimoja hupita mikono kadhaa: huyu anafua, yule ananoa, mwingine anatia mpini. Kwa hiyo amua mapema unataka kuwa nani kati yao.

Mimi nakusihi uanze na kunoa, na katika hili sirudi nyuma. Kisu cha jadi kwa kawaida ni vyuma viwili: chuma laini, na kipande kigumu chenye kaboni nyingi, kama shirogami, aina ya chuma inayotoka kiwandani Yasugi, Japani, ndicho kinachobeba makali. Mhunzi hunyunyiza boraksi (unga wa madini unaosaidia vyuma kushikana) iliyochanganywa na unga wa chuma katikati yake, huvitia motoni, kisha huvigonga vishikane. Sasa chukua kisu hicho ukinoe. Kwenye kinoo kizuri upande laini hufifia kama ukungu, upande mgumu hung'aa, na mpaka wao hujichora wazi. Mpaka ukipanda na kushuka ovyo, ama nyundo haikupiga sawasawa, ama mnoaji alikula chuma upande mmoja. Mtu aliyezoea kuusoma mstari huo huingia karakana akiwa na macho tayari.

Na macho ndiyo kazi yenyewe. Kisu huzamishwa majini kikiwa na joto la karibu nyuzi 800, na wahunzi wengi wa jadi hukadiria kwa rangi ya chuma tu, ndiyo maana karakana huwekwa giza. Joto likizidi, chembe za chuma hukua na makali humeguka. Likipungua, hakigumuki. Baadaye hupashwa tena kidogo ili kisivunjike kama kioo. Wapo wanaopima joto hilo kwa kudondoshea tone la maji juu ya bapa na kuangalia linavyorukaruka.

Ukiwa tayari, tazama Echizen, mkoani Fukui. Wahunzi wa huko wana karakana ya pamoja, Takefu Knife Village, ambako mgeni anaweza kuona kazi kwa karibu. Jifunze Kijapani kabla ya kwenda, maana bwana hatasimamisha nyundo akutafutie mkalimani.

Kwa sasa tafuta deba ya kawaida, yaani kisu kizito cha Kijapani cha kukatia samaki, na kinoo cha namba 1000 (namba hiyo huonyesha ulaini wa chembe zake). Upande wa nyuma wa bapa la deba, usio na mteremko wa makali, una bonde la kina kifupi. Ulaze bapa kabisa juu ya jiwe, usiuinue hata kidogo.