Mnauliza mashine, hamuulizi mbao

Tangu niweke picha ya kabati la vyombo nililomtengenezea dada yangu, simu haitulii. Wengi mnataka jambo moja. Msomaji wa Tukuyu ameliweka vizuri kuliko wote: "Dada, nami nataka kuanza useremala wa nyumbani. Nina akiba kidogo, ninunue msumeno gani wa meza?" Nimefurahi, siwezi kuficha. Lakini katika ujumbe wote huo hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za mbao, na huo msumeno mdogo mnaoutamani, ule wa bledi ya duara inayochomoza katikati ya meza, utawaumiza kwa sababu ya mbao kabla haujawaumiza kwa sababu nyingine.

Mimi naishi Mafinga. Hapa huwezi kukwepa mbao hata ukitaka. Shamba la miti la Sao Hill liko mlangoni, malori ya magogo yanapita mchana na usiku, na misindano, ile miti ya paini, imesimama kila upande unaotazama. Kazi yangu ni hesabu, nashinda ofisini na vitabu. Nilipoanza kuitamani kazi ya mbao nilikwenda karakana moja hapa mjini, nikamwomba fundi anifundishe jioni, kwa malipo. Akanitazama toka kichwani hadi kwenye viatu. "Mama, hii siyo cherehani. Wewe nenda kahesabu hela." Vijana wake wakaangua kicheko, na mmoja akaniwashia mashine makusudi ili nishtuke. Nilishtuka kweli. Watu huniambia nisahau. Sijasahau, na sioni haraka ya kusahau.

Aliyenipokea ni mzee mmoja wa mtaani kwetu, seremala aliyestaafu. Nilimpa shikamoo, nikamweleza shida yangu, akaniambia: "Marahaba mwanangu. Mashine itakuja tu. Kwanza niletee ubao mmoja tuuangalie." Nikampelekea wa moja kwa nane, yaani unene inchi moja na upana inchi nane, mpya, unaonukia utomvu. Akafumba jicho moja, akautazama kwa urefu wake kama anayelenga shabaha, akanionyesha ulivyojipinda. Kisha akanipa niubebe. "Mzito, siyo? Hayo ni maji. Unataka kupasua maji?"

Sasa sikilizeni sababu, maana hapa ndipo watu wanapopoteza vidole. Msindano wetu unakua haraka na unauzwa ukiwa bado mbichi. Ndani yake mna mkazo. Ukiupasua kwa urefu, mkazo ule unafunguka: vipande viwili vinaweza kutanuka, au vinaweza kufungana nyuma ya bledi na kuibana. Meno ya mbele ya bledi yanashuka, yanakandamiza ubao mezani. Ya nyuma yanapanda. Ubao ukibana kule nyuma, meno yanayopanda yanaunyanyua na kuurusha kuelekea kwako. Bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 4,500 kwa dakika, ncha za meno yake zinakwenda kwa kasi inayozidi kilomita 200 kwa saa. Ubao ukirushwa hivyo hupati nafasi ya kuukwepa. Na mkono uliokuwa ukiusukuma unaweza kuvutwa kwenye bledi.

Nimeona kwa macho yangu. Nilikuwa napasua ubao niliouamini, mzee amesimama pembeni. Katikati ya safari mlio wa mota ukabadilika, ukawa kama unaguna, mara ubao ukaruka nyuma ukaenda kutoboa bati la uzio. Mimi nilikuwa nimesimama kushoto ya mstari wa bledi, nilivyofundishwa, kwa hiyo haukunigusa. Mzee hakusema neno. Akauokota, akauweka kwenye mizani, akanionyesha namba. Najivunia siku ile kuliko hata kabati. Wale vijana wa karakana husimama nyuma ya bledi moja kwa moja, kifua wazi, nimewaona.

Basi kausheni mbao. Zipangeni kivulini, chini pakiwa pameinuliwa, kila tabaka likitenganishwa na vijiti vya unene mmoja vilivyokaa juu ya mstari mmoja, na juu wekeni mzigo. Upepo upite, jua lisipige. Huku kwetu Juni hadi Oktoba ni majira mazuri: baridi, ndiyo, lakini hakuna mvua na upepo upo. Ubao wa inchi moja upeni miezi miwili au mitatu. Mimi kwa kuwa ni mtu wa hesabu, nachagua mbao chache, nazipima kila wiki na kuandika daftarini. Uzito ukiacha kushuka, ubao umefika mahali pake. Ndugu yangu wa Tukuyu, kwenu mvua karibu haina likizo, kwa hiyo usitegemee uwani. Maliza kukausha ndani ya nyumba. Mlingoti, yaani mkaratusi, ni habari nyingine, unapasuka na kujikunja hata ukiubembeleza, msianzie huko.

Haya, mashine, kwa kuwa hamtanyamaza. Soma kibandiko cha mota kabla ya kutoa hela. Iliyotoka Marekani hutaka volti 120. Umeme wetu ni 230, utaiunguza siku ya kwanza. Usiilishe kwa ekstensheni nyembamba ndefu, mota itachoka na kupata moto. Nyuma ya bledi lazima kuwe na kile kibati kilichosimama, kinachozuia ubao usifungane. Za mtumba nyingi zimeng'olewa kibati hicho. Kama hakipo, iache dukani. Reli ya pembeni inayoongoza ubao iwe sambamba na bledi: pima mbele, pima nyuma, namba zilingane. Kwa kupasua tumia bledi ya meno 24, usitumie ile ya meno 60 ya kukatia kwa upana. Utomvu ukiganda kwenye meno, chomoa waya, toa bledi, isugue kwa mafuta ya taa na uifute ikauke.

Kuna mtu ameniandikia habari za mashine za SawStop zinazosimamisha bledi papo hapo ikigusa ngozi. Ni kweli zipo. Lakini zinaitambua ngozi kwa umeme, na mbao yenye maji mengi inaweza kuzidanganya, breki ikafunga, na kwa kuwa hutumika mara moja tu, ukanunua nyingine. Mnaona? Tunarudi kwenye mbao kavu.

Wanawake wenzangu, kilemba kifungeni kwa nyuma, bangili na mkufu viacheni chumbani, mtandio usikaribie meza. Glavu msivae, hata shemeji akisisitiza: jino likishika uzi wa glavu linavuta mkono mzima. Miwani vaeni. Vidole visikaribie bledi chini ya inchi sita, hapo shikeni kijiti cha kusukumia. Meno yachomoze juu ya ubao kidogo tu. Ubao usiongozwe kwa mikono mitupu bila reli. Na kipande kilichobaki kando ya bledi kiacheni hapo hapo mpaka bledi isimame kabisa. Najua mmechoka kusikia. Nitarudia.

Jambo la mwisho ni kuazimisha. Ukishakuwa na msumeno, utagundua una ndugu wengi. Usiazimishe. Akija mtu na ubao, mkaribishe chai, upime ubao wake, na kama ni mkavu mpasulie wewe mwenyewe. Kama ni mbichi, mpe vijiti akaupange kwake, aje tena baada ya mavuno.